Tulikwenda Vienna Kuwaona Mabinti wa Malkia

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, kwenye simu, kwenye harusi, na mmoja wenu hata kwenye foleni ya duka la dawa: kulikuwa na nini huko Vienna hata Bi Thuwaiba akarudi mtu mwingine? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika yote mara moja, na mwenyewe ameniruhusu, hata lile aliloniomba nilifiche. Sharti lake ni kwamba nisitie chumvi. Nitajitahidi.

Muscat, Madinat Sultan Qaboos hadi uwanja wa ndege

Kwa wasiomjua: Bi Thuwaiba ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alizaliwa Unguja, akaja Muscat akiwa bibi harusi, na tangu mume wangu afariki yeye ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Hakujaliwa mtoto. Binti yangu Rayyan amelala mapajani mwake zaidi kuliko mwangu, na sikuona vibaya, maana nilipata usingizi.

Jambo la pili la kujua ni kwamba anawapenda mabinti wa wafalme wa Ulaya. Si wa leo wanaopigwa picha magazetini. Anawapenda wale wa zamani wa ukoo wa kifalme wa Austria, waliokuwa wakiozwa nchi hii na ile kama vile baba zao wanagawa halwa. Maradhi hayo aliyapata utotoni, kwa kopo la biskuti lililokuwa na picha ya binti mwenye nywele nyeupe zilizopandishwa juu. Nyumba nyingine za Muscat zina mtu anayejua nasaba za makabila yote. Wetu anajua za makabila yote na za Vienna juu yake. Majina yao ya Kijerumani yamemshinda, basi kawapa ya kwake. Yule wa kwenye kopo, binti wa mwisho wa malkia, aliyeozwa Ufaransa na huko akaja kukatwa kichwa, yeye humwita Kitinda. Dada yake, aliyependwa na mama kuliko wote, ni Kipenzi. Ukimsikia anasema "masikini Kitinda" utadhani ni jirani aliyefiwa.

Sasa nije kwenye lililokuwa linatuuma. Kabla tu ya safari walikuja watu kumposa Rayyan. Kijana anaitwa Khalfan, daktari wa meno, wanafanya kazi kliniki moja. Watu wake ni Waomani kama sisi, ila wazee wake walitokea Tabora, sio Unguja. Nyinyi mnajua maana yake. Mbele za watu sote ni ndugu, lakini ndani ya nyumba zetu kuna wanaosema "wale watu wa bara" kwa sauti ya chini. Bi Thuwaiba huisema kwa sauti ya juu. Isitoshe, tayari alikuwa na mtu wake: kijana wa binamu yake, kabila moja, nasaba moja, anaishi Manchester. Picha yake imo kwenye simu ya wifi yangu, amesimama kando ya gari.

Msafara wa wanawake uliongozwa na Bi Mwanaidi, bibi yake Khalfan. Nikamimina kahawa. Bi Mwanaidi akapokea finjani, akaiweka chini mbele yake, hakuigusa tena. Ndivyo inavyokuwa hapa kwetu: aliyekuja na haja hanywi mpaka mwenye nyumba amwambie "kunywa kahawa yako", na akishaambiwa hivyo, haja yake imekubaliwa. Sote tukageuka kumtazama Bi Thuwaiba.

"Nna safari," akasema. "Ntawajibu nkirudi, inshallah."

Wakaaga kwa adabu zao zote. Kahawa ya Bi Mwanaidi ilikuwa imepoa, nikaipeleka jikoni. Rayyan alikuwa kwenye sinki. Aliipokea ile finjani akaimwaga, akaiosha mara mbili. Kaka yake Said ndiye walii wake, lakini Said alikwisha sema: shangazi akikubali, anaozesha, shangazi akikataa, yeye hamo.

Kwa hiyo Rayyan alipotupeleka uwanja wa ndege, jibu lake lilikaa kiti cha mbele, limevaa buibui jeusi na miwani mikubwa, linalalamika kwamba baridi ya gari ni kali.

Istanbul, kwa muda mrefu kuliko tulivyotaka

Ndege ya kutuunganisha ilizuiwa na ukungu. Mimi kusubiri hakunifai. Nilikwenda kwenye kaunta nikauliza, nikarudi, nikaenda tena, mpaka yule binti wa kaunta akawa ananiona kwa mbali na kuinamisha kichwa. Wifi yangu yeye alivua viatu ndani ya chumba cha swala cha wanawake, akajiegemeza ukutani, akafungua bakuli lake la halwa.

Kando yake alikuwa ameketi bibi mmoja wa Kituruki mwenye soksi za sufi. Hakujua Kiarabu zaidi ya dua, wala sisi hatukujua Kituruki. Bibi akatoa zaituni, jibini na mikate ya duara yenye ufuta. Wifi akatoa halwa. Nyinyi mnaijua halwa yetu, haitafuniki haraka. Yule bibi aliionja, akafumba macho, akashika shavu, na kuanzia hapo wakawa ndugu. Wakaanza kuonyeshana picha za simu: wajukuu, nyumba, paka. Kisha Bi Thuwaiba akamwonyesha Kitinda.

Bibi akaisogeza simu karibu na macho. "Mashallah, mashallah," akasema, akakigusa kidole cha pete na kunitazama mimi kwa swali. Wifi akatikisa kichwa, akimaanisha kwamba binti alishafariki. Bibi akaelewa kwamba binti bado hajaolewa. Akafurahi, akachakura simu yake, akatutolea picha ya kijana mwenye masharubu, akamgonga kifuani kwa kidole, kisha akamgonga Kitinda.

"Nasra!" wifi akaniambia. "Anamposa!"

Tulicheka mpaka nikatokwa na machozi, na bibi naye akacheka, akidhani tumekubali. Alipotulia, Bi Thuwaiba akasema, "Lakini tazama. Hamjui, hajui kwao wapi, kaona picha tu, kesharidhia."

"Na yule wetu wa Manchester?" nikamuuliza. "Si picha vilevile?"

Nilisema kwa mzaha nusu. Nusu nyingine aliisikia, maana alilifunga bakuli la halwa na kuanza kutafuta viatu.

Rayyan alipiga simu. "Mama, huko kuna baridi?"

"Tuko ndani, hatujui."

"Na shangazi anaonaje?"

"Anaona baridi," nikamwambia.

Vienna, kasri la manjano

Vienna ni mji mzuri na sitawachosha kwa majengo yake. Nitasema juu ya kahawa. Mikahawani huileta kwenye sinia dogo, pamoja na bilauri ya maji na keki ambayo peke yake ni chakula cha mchana. Bi Thuwaiba alikunywa ya kwanza akaridhika, akakitikisa kikombe mkononi, kulia na kushoto, kama tunavyofanya kumwambia mmiminaji basi, imetosha. Mhudumu, mzee mmoja aliyevaa koti jeusi, akaona anaitwa. Akaleta ya pili. Wifi ni mtu wa heshima, akainywa, akakitikisa tena kwa nguvu zaidi ili aeleweke. Ikaja ya tatu. Nilipofika kutoka msalani nikamkuta anahema.

"Wana ukarimu watu hawa," akaniambia, "lakini wataniua."

Siku iliyofuata tukaenda kwenye kasri la manjano alilokaa malkia na watoto wake. Wifi aliingia mle kama anayeingia nyumba ya ami yake. Kwenye kila picha alinitangulia: huyu kaozwa Napoli, huyu Parma, huyu ndui ilimwahi kabla ya mchumba. Mwongozaji wetu, msichana mpole mwenye nywele fupi, alisema kwa Kiingereza nami nikatafsiri. Alisimulia jinsi wachoraji walivyotumwa kuchora mabinti, picha zikapelekwa kwa wafalme, na huko zikatazamwa kabla ya posa. Wifi yangu akakohoa kidogo. Mimi niliitazama dari.

Kisha msichana akasema kwamba Kitinda alifungishwa ndoa hapa hapa Vienna, na aliyesimama naye kanisani ni kaka yake wa kuzaliwa. Watalii wote wakaguna. Mama mmoja aliziba mdomo.

"Wanashtuka nini?" wifi akaniuliza.

Nikamweleza.

"Wakala huyo!" akasema, kwa sauti iliyojaa ukumbi. "Bwana harusi yuko mbali, kaka kasimama badali yake. Mie mwenyewe niliozwa hivyo. Waambie wasikhofu."

Nikawaambia. Msichana alifurahi sana, akasema kwamba kila siku huwa anatumia muda mrefu kulieleza jambo hilo na bado watu hawamwelewi. Wifi akasogea mbele kabisa ya kundi na hakutoka tena.

Hapo ndipo tukafika kwenye habari ya mpaka. Msichana akasimulia kwamba Kitinda alisafirishwa mpaka nchi mbili zinapokutana, kwenye nyumba iliyojengwa kwa shughuli hiyo tu. Akaingia mlango wa kwao, akavuliwa kila alichotoka nacho nyumbani, nguo, soksi, utepe wa nywele, akavishwa vya Kifaransa, akatokea mlango wa pili. Hata mbwa wake mdogo alichukuliwa.

"Muulize," wifi akasema. "Hata kanga ya mamake hawakumwachia?"

Nikauliza kwa namna nilivyoweza, nikasema kitambaa, kitu cha mama. Msichana akatikisa kichwa. Hakuachiwa kitu.

Bi Thuwaiba hakutaka kuona vyumba vilivyobaki. Tulitoka bustanini, tukakaa kwenye benchi lenye ubaridi wa chuma. Kuna hadithi yake moja mnayoijua nyote, maana huisimulia kwenye kila harusi na sote hucheka: jinsi alivyofika Muscat na doti mbili za kanga alizofungiwa na mama yake, mama mkwe akazitazama akasema huku haya hayavaliwi, akazitia ghalani, na zilipotolewa mende walikuwa wamezila zikabaki kama wavu. Siku zote huwa anaigiza jinsi alivyozinyanyua na kuchungulia kwenye matundu. Pale kwenye benchi aliisimulia tena, bila kuigiza.

"Hakuwa mbaya mama mkwe," akasema. "Na bwana wangu, Mungu amrehemu, alinitunza. Nlipata maisha mazuri, Nasra, sitakufuru. Lakini mamangu kazikwa Unguja na khabari ilinifika arubaini ishapita."

Nilimshika mkono. Miaka yote niliyokuwa wifi yake sikuwahi kulisikia hilo la arubaini.

Vienna, chini ya kanisa

Watu wa ukoo ule wamelazwa chini ya kanisa dogo katikati ya mji, ndani ya majeneza ya chuma. Niliona si pa kwenda mtu aliyelala vibaya, lakini wifi alikuwa ameshavaa koti.

Huko chini kuna baridi ya aina yake. Jeneza la malkia na mumewe ni kubwa kama chumba cha kulala na lina sanamu zao wawili wanatazamana. Bi Thuwaiba alipofika mbele yake mikono ilimpanda yenyewe kwa mazoea, viganja juu, kisha akakumbuka yuko wapi, akaishusha taratibu na kuirudisha ndani ya koti.

"Wako wapi mabinti?" akauliza.

Tukamtafuta msimamizi, bwana mmoja mnene mwenye kitita cha funguo. Nikamtajia Kitinda, kwa jina lake la kweli.

"Ufaransa," akajibu.

Nikamtajia yule wa Parma. Naye hayupo, amezikwa huko alikokwenda kufia. Yule wa Napoli yupo.

"Karudi vipi?" wifi akataka kujua.

Bwana akaeleza kwamba alifukuzwa na vita akiwa mtu mzima, akaja kufia kwao. Wifi akaguna. Kisha akaniambia nimuulize juu ya Kipenzi.

Msimamizi alitupeleka vyumba vichache mbele, kwenye jeneza lisilo na makuu, na jingine karibu yake. Huyu, akasema, mama yake alimwachia aolewe na aliyemtaka. Kijana hakuwa na nchi wala matumaini ya kuipata, mtoto wa nyuma huko katika ukoo wake, na kuna walionung'unika. Huyo hapo na mumewe.

"Kwa hivyo alobaki karibu na mamake," wifi akasema polepole, "ni yule alochagua mwenyewe."

Yote hayo alikuwa akiyajua. Alijua tangu zamani kwamba Kipenzi aliolewa kwa mapenzi, na akilisema hilo husema kwa kumlaumu malkia, kwamba alipendelea. Lakini hakuwa amewahi kusimama mahali ambapo unahesabu nani yupo na nani hayupo. Alitoa kitambaa akajifuta macho, akakunja kitambaa, akakikunjua akajifuta tena.

Tulikwenda kwenye mkahawa ule ule, kwa mzee yule yule wa koti jeusi. Kahawa zikaja. Mimi nikanywa. Bi Thuwaiba akakisogeza kikombe chake mbele yake, akaondoa mkono.

Nikaacha kunywa. Katika maisha yetu yote mimi ndiye ninayeomba na yeye ndiye anayetoa.

"Una haja, wifi?"

"Rayyan anamtaka kweli yule mtoto?"

"Anapiga simu kila siku kuuliza baridi ya Vienna. Mtu aliyezaliwa Muscat inamhusu nini baridi ya Vienna?"

Akatikisa kichwa kukubali kwamba ni kweli. Kikombe bado kilikuwa pale pale. Nikasema sasa analitoa.

"Haja yangu," akasema, "usimwambie mtu kwamba nimelia kwenye makaburi ya Wazungu."

Nilivunjika moyo, na wakati huo huo nilitaka kumkumbatia. "Kunywa kahawa yako," nikamwambia.

Akanywa. Akakitikisa kikombe, na mzee akaja mbio na kingine.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na ukungu wala posa. Wifi alilala njia nzima na chakula chake nikakila mimi. Milango ya Muscat ilipofunguka joto likatupokea usoni, na sikumbuki lini nililipenda hivyo. Rayyan alikuwa anatusubiri. Akamkumbatia shangazi yake kwa muda mrefu.

"Kulikuwa na baridi," Bi Thuwaiba akamwambia. Akafunga mkanda wa gari, na hilo ndilo lililokuwa jibu mpaka nyumbani.

Baada ya hapo jambo la posa hakuligusa. Alipumzika, akagawa zawadi, akamsimulia kila mtu juu ya bibi wa Istanbul. Mimi sikula vizuri. Rayyan alipika na kuunguza, akapika tena. Kisha asubuhi moja ya Ijumaa Bi Thuwaiba akamwambia Said aende Qantab akachukue nguru aliyetoka majini sasa hivi, asithubutu kumletea wa dukani, maana jioni wanakuja watu wa Bi Mwanaidi. Nikajipa moyo: hakuna anayetuma mtu mpaka Qantab kwa ajili ya wageni anaotaka kuwakataa. Halafu nikakumbuka kwamba mgeni wa wifi yangu hula vizuri hata akiwa hatakiwi.

Walikuja baada ya alasiri. Safari hii Bi Thuwaiba alimimina mwenyewe. Bi Mwanaidi akapokea finjani, akaiweka chini pale pale alipoiweka mara ya kwanza.

"Dada yangu," akasema, "tumerudi. Haja yetu ni ile ile, haijabadilika."

Wifi yangu akaketi. "Nyumba yenu iko wapi khasa?"

"Seeb, nyuma ya soko."

"Si mbali."

"Wala. Ukipika hapa, chakula kinafika kwetu kingali cha moto."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na sote tulijua kwa nini.

"Nna sharti moja."

Nikaona mabega ya Bi Mwanaidi yakikakamaa. Nadhani alisubiri neno juu ya Tabora, na alikuwa amejiandaa kulipokea kimya kama alivyowahi kupokea mengine.

"Akija kwenu," wifi akasema, "aje na kanga zake. Msimvue. Msizitie ghalani."

Bi Mwanaidi akanitazama, kisha akamtazama yeye. Hakuwa akijua lolote juu ya Kitinda wala nyumba ya mpakani wala mende. Alishika pindo la buibui lake, akalinyanyua mpaka chini ya goti. Ndani alikuwa amejifunga kanga nyekundu, imechakaa kwa kufuliwa.

"Dada," akasema, "mimi hizi sijawahi kuzivua tangu nimekuja. Nani atamvua?"

Wifi yangu aliitazama kanga ile, akaitazama, mpaka nikaona macho yake yameanza tena mambo ya Vienna.

"Kunywa kahawa yako, dada yangu," akamwambia. "Ishapoa mara moja, inatosha."

Bi Mwanaidi akainywa yote kwa mara moja, na kabla hajairudisha finjani mlango wa jikoni ukafunguka wote. Rayyan hajui kupiga vigelegele, hajawahi kujua, na si kazi ya anayeposwa. Alijaribu hivyo hivyo, ikatoka sauti kama ya paka aliyekanyagwa. Shangazi yake akainuka, akamshika mkono, akampigia.